Mwanafunzi wa uuguzi unajuaje yuko tayari kugusa mgonjwa? Na stadi zifundishwe lini hasa?

MkufunziTabata

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uzoefu wa kufundisha manesi mnisaidie, wa vyuoni na wa wodini wote, maana hili jambo linanikosesha raha.

Nafundisha diploma ya uuguzi na ukunga chuo kimoja hapa Dar. Utaratibu ni ule ule mnaoujua. Muhula unaanza na nadharia, mkitoka hapo labu, na kwa sababu ratiba imebana basi ndani ya wiki chache mwanafunzi anaoneshwa kuchoma sindano, kuweka kanula (kile kibomba laini kinachobaki kwenye mshipa), kufunga dripu, mpira wa mkojo, mrija wa puani, kusafisha kidonda, vyote hivo vinafuatana mbio mbio, anafanya kwenye mdoli, anapigiwa tiki, tunahamia mada nyingine. Fildi, yani mazoezi ya wodini, inakuja baadae. Na wodi atakayoanzia inategemea kapangwa kundi gani, yupo anayeangukia medikali ya wanaume siku ya kwanza tu anakutana na kanula, mwenzie anaanzia kliniki ya watoto kazi yake kupima uzito na kujaza kadi mpaka rotesheni inakwisha, kanula anakuja kuishika muhula mwingine kabisa wakati ile siku ya labu imeshafutika.

Sasa ukimuuliza hatua anakutajia zote hajakosea hata moja. Mpe trei asogee kitandani ndo utaona. Anavaa glavu kwanza, alafu ndo anakumbuka plasta hajakata, anavua, anakata, anavaa nyingine, huku mpira wa kufungia mkono ameshaufunga kitambo na mgonjwa mkono unaanza kubadilika rangi. Au dripu. Kwenye karatasi hesabu anaipata, mililita 500 kwa masaa 4, seti ya matone 20 kwa mililita, anakwambia matone 42 kwa dakika, safi kabisa. Akifika kitandani anazungusha kile kigurudumu kwa kukadiria, hashiki saa, haangalii kama mgonjwa amekunja kiwiko, anaondoka. Hesabu ilikua ya mtihani, haikua ya yule mgonjwa.

Na wako wa aina mbili. Kuna anayetetemeka anabaki nyuma ya wenzie mpaka fildi inakwisha hajafanya kitu. Na kuna asiyeogopa chochote, anashika kila kitu, anajitolea kabla hujamaliza sentensi. Huyu wa pili ndo ananitisha zaidi.

Maswali yangu mawili. Kwanza, nyie mnafundisha stadi pale ratiba inaposema au mnasubiri mpaka karibu na wodi atakayoitumia? Pili, nani anasema huyu yuko tayari, mimi mkufunzi, nesi wa wodi, au mwanafunzi mwenyewe? Maana sasa hivi kinachosema ni kalenda.

Sista_Medikali

Mwalimu hapo umegusa penyewe. Mimi niko wodini, napokea wanafunzi wa vyuo tofauti tofauti kila msimu, na nikuambie ukweli, mwanafunzi aliyefundishwa kitu juzi na aliyefundishwa muhula uliopita nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Mikono inasahau haraka kuliko kichwa. Hata ile ya kufufua moyo, CPR, inajulikana kabisa kwamba mtu akifundishwa vizuri asipofanya mazoezi, ndani ya miezi 3 hadi 6 uwezo wake unakua umeshuka sana, na hao ni wafanyakazi wenye vyeti vyao sio wanafunzi. Sasa mtoto wa mwaka wa kwanza aliyeweka kanula kwenye mdoli asubuhi moja tu utegemee nini.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza, fundisha karibu na matumizi. Kama kundi A linaingia medikali Jumatatu, wiki ile inayotangulia warudi labu washike kanula tena, sio somo jipya, ni kuamsha mikono tu. Kundi la kliniki ya watoto wao waamshe sindano za chanjo na kupima uzito, ya kanula waiache mpaka zamu yao ya kuitumia ifike. Hii haitaki hela. Inataka mtu wa chuo na inchaji wa wodi (nesi msimamizi) waongee wajue nani anakwenda wapi lini, basi.

La pili, nani anasema yuko tayari. Wodini kwangu mtu hagusi mgonjwa mpaka anifanyishe kazi mimi. Yani mimi ndo nashika kanula, yeye anasimama pembeni ananiambia kila hatua, na mimi nafanya kile anachosema tu. Asiposema safisha ngozi mkono wangu unasimama hapo hapo namwangalia. Akisahau kusema fungua mpira wa mkono kabla ya kutoa sindano, nanyamaza, nasubiri. (Ndo mana nachagua mgonjwa mwenye mishipa mizuri na nimeongea nae kwanza, na mkono wangu hauendi popote pa hatari hata kama amesema vibaya.) Ukimsikiliza mtu anaongea hivo mara moja tu unajua kila kitu, kwamba anajua kwa nini au amekariri. Aliyekariri anakwenda vizuri mpaka kitu kibadilike kidogo. Muulize, damu imeonekana kwenye kichupa cha nyuma alafu kanula haisogei mbele, unafanyaje? Aliyekariri anakwambia nasukuma.

Alama nyingine ninayoangalia ni macho. Mwanafunzi ambaye hajawa tayari macho yako kwenye sindano muda wote. Akianza kuinua macho kumwangalia mgonjwa usoni katikati ya kazi, anamwambia mama sasa utasikia kidogo, ujue mikono imeanza kujitegemea, huyo mwachie na usimame karibu. Na aliyekosa hilo, hata awe mwepesi namna gani, bado. Huyo wako asiyeogopa nina hakika ukimchunguza haangalii uso wa mtu.

Kitu cha mwisho, kanula ya kwanza ya mtu isiwe bibi wa miaka 80 ambaye mishipa inateleza na amelazwa wiki nzima mikono yote imeshachomwa. Mwanafunzi akifeli hapo anasema mimi siwezi kanula, wakati hata mimi pale ningechukua ya bluu, ile nyembamba, nikaomba Mungu. Mtafutie kijana aliyeingia leo mishipa inaonekana mpaka ukiwa mlangoni, akipata pale atajaribu pagumu baadae.

nesi_mtarajiwa_kgb

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili, naomba niseme upande wetu.

Sisi tunaambiwa tu nenda kafanye. Unafika kitandani mko wanafunzi wengi, vyuo vitatu vimekutana wodi moja, kila mtu ana logbuku yake (daftari la stadi alizofanya) anataka sahihi, mgonjwa mmoja mmemzunguka. Ukisema mimi bado naomba nione kwanza, unaonekana mvivu, na mwingine anakuandikia kabisa kwenye fomu kwamba hujitumi. Kwa hiyo mtu anafanya tu huku roho iko mkononi ili apate tiki. Na kuna wengine wanaandikiana, aliyeona anaandika amefanya, kwa sababu namba lazima itimie kabla ya kurudi chuo. Wakubwa mnataka mjue nani yuko tayari lakini sisi wenyewe tukisema ukweli tunapoteza maksi, sasa tutasemaje?

Kingine ni muda wenyewe wa siku. Mimi natoka Kigamboni, navuka na pantoni alfajiri, nikifika ripoti ya asubuhi inaanza, hapo hapo watu wanapokezana zamu, dawa za asubuhi, kubadilisha mashuka, madaktari wanaingia raundi, na ndo muda ambao mkufunzi nae anakuja kutufundisha. Nesi anayenisimamia anajibu simu, ana wagonjwa chungu nzima, ananionesha haraka haraka na mimi naitikia ndio sista wakati sijaona kitu. Ikifika saa nane wodi imetulia, mgonjwa kashakula, nesi ana nafasi ya kuongea, sisi tunaambiwa muda wenu umeisha nendeni nyumbani. Huwa najiuliza kwa nini ule muda wa utulivu hautumiki.

Yule sista aliyesema anafanyishwa kazi na mwanafunzi natamani ningemkuta wodi niliyokua. Nilipata mmoja wa hivo kwenye kusafisha kidonda, mpaka leo naweza kukufanyia nimefumba macho.

Mzee_wa_Labu

Marahaba mwanangu, umesema ya maana na hilo la sahihi nitalirudia.

Lakini wenzangu naona mnakwenda upande mmoja na mimi ngoja nipinge kidogo. Nimestaafu, nimefundisha miaka mingi. Hii ya kusubiri utayari ina mtego wake. Mwanafunzi mwoga ukimsubiri ajisikie tayari atamaliza NTA level 6, yani diploma yenyewe, bado anajisikia hayuko tayari, anakwenda kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, anapangiwa zahanati ambako yuko nesi mmoja zamu ya usiku na huyo nesi ni yeye. Sasa hapo hamna sista wa kumsimamia pembeni. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kujiamini mara nyingi kunakuja baada ya kufanya, sio kabla, na sisi tuliokuwa tunasukuma watu hatukuwa wakatili, tulijua huko wanakokwenda kukoje.

Na pia msiweke stadi zote kapu moja. Kupima joto, presha, mapigo, kuhesabu pumzi, kumgeuza mgonjwa, kumwogesha kitandani, kumlisha, kuosha mikono, hivi mwanafunzi aanze wiki ya kwanza kabisa na afanye kila siku, hamna utayari wa kusubiri hapo, akikosea presha unarudia. Na humo ndo anajifunza kumgusa mtu asiyemjua, kuomba ruhusa, kufunga pazia, kitu ambacho mdoli haufundishi. Mimi aliyeogesha wagonjwa vizuri mwezi wa kwanza sikuwahi kumuona akihangaika na mpira wa mkojo baadae, mana kazi kubwa ya mpira wa mkojo ni kumstiri mtu na kutoingiza vijidudu, bomba lenyewe ni dogo. Ambazo zinataka ngazi ni zile zinazoingia mwilini. Hapo namuunga mkono Sista, aone, aseme, afanye akiangaliwa, ndo aachiwe. Ile njia yake kwa wanaofuatilia mambo ya ufundishaji inafanana na hatua nne za Peyton, mwalimu anafanya kwa mwendo wa kawaida kimya, anarudia taratibu anaeleza, mwanafunzi anaeleza mwalimu anafanya, mwisho mwanafunzi anafanya mwenyewe. Wengi wetu labu tunafanya ya pili na ya nne tunaruka ya tatu kwa sababu ya wingi wa watu, na ya tatu ndo inakuonesha kilichomo kichwani.

Sasa kuhusu mitihani. OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, aliileta Harden kule Dundee, Uskoti, mwaka 1975 ili wanafunzi wote wapimwe kwa kipimo kimoja, na ni kitu kizuri. George Miller nae mwaka 1990 akachora ile piramidi yake, chini anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, juu yake anaonesha, kileleni anafanya kweli kazini. OSCE inaishia kwenye anaonesha. Sisi vyuoni tumeigeuza ndo kilele. Mwanafunzi akipasi kituo cha kanula tunasema tayari, wakati amepasi mdoli usiolia, usiovuta mkono, usio na ndugu anayechungulia dirishani. Na kwa sababu mtihani uko mwisho wa muhula basi mazoezi yote yanarundikana wiki mbili za mwisho, labu inajaa usiku, kabla ya hapo imefungwa na funguo anazo mtu mmoja.

Mwanangu wa Kigamboni, kuhusu sahihi. Pendekezo langu kwa walimu, logbuku iwe na nafasi ya kuandika nimeona, nimesaidia, nimefanya nikisimamiwa, nimefanya peke yangu, na zote ziwe na heshima. Pale penye safu moja tu ya nimefanya, unamlazimisha kijana adanganye.

baba_wawili

Mimi sio nesi, nimelazwa hospitali moja hapa mjini mwaka huu nikawa mmoja wa hao mnaowaita mishipa mizuri. Naomba kusema kitu kimoja. Alikuja binti akaniambia baba habari, mimi ni mwanafunzi, naomba nikuwekee sindano ya dripu, sista huyu hapa anaangalia, ukisema hapana hamna shida. Nikamwambia weka. Alikosa mara ya kwanza sista akachukua akamalizia na sikuona vibaya hata kidogo. Siku nyingine likaja kundi zima hakuna aliyesalimia, wakashika mkono wangu wakaanza kufundishana juu yangu, mmoja wao alipata mara moja na ndo aliyeniudhi. Utayari wa mwanafunzi mnaupanga nyie ila na sisi huwa tunataka tuulizwe kama tuko tayari.

Mkunga_Leba

Baba asante sana, umesema kitu ambacho tunakisahau kila siku.

Mimi nataka kuongelea stadi ambazo hazina muda wa kuuliza mtu yoyote yuko tayari. Hizi mnazojadili, kanula, kidonda, unaweza kumtafutia mwanafunzi mgonjwa mzuri na muda mzuri. Leba huwezi. Kama mtoto mmoja kati ya kumi hivi anahitaji msaada wa aina fulani kuanza kupumua, wengi wao ukimkausha vizuri na kumsugua mgongo analia, lakini wale wachache wanaobaki unatakiwa uwe umeanza kumpa pumzi kwa ambubegi (ule mfuko wa kukamua wenye barakoa) ndani ya dakika ya kwanza, ndo ile tunaita dakika ya dhahabu. Pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, kifua kiwe kinapanda unakiona. Mwanafunzi anaweza kumaliza leba nzima hajakutana na huyo mtoto, alafu akakutana nae usiku wa kwanza wa ajira. Sasa hapo ile ya fundisha karibu na matumizi unaifanyaje wakati matumizi hayajulikani yatakuja lini?

Jibu lipo na limepatikana hapa hapa Tanzania. Hospitali ya Haydom kule Manyara walifundisha wahudumu kwa siku moja, wakapimwa kwenye mdoli wakawa wazuri sana, lakini walivyoangaliwa kwenye chumba cha kujifungulia chenyewe, wanavyowahudumia watoto kulikua hakujabadilika. Yani mdoli umeelewa leba haijaelewa. Baadae wakaanza vipindi vifupi vya mara kwa mara, mdoli uko pale pale leba, mtu anafanya dakika chache anarudi kazini, na majibu yake yalitoka 2015, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 kwa kila watoto 1,000 mpaka kama 7. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni lini na mara ngapi.

Toka hapo mimi wanafunzi wangu siwafundishi kumpumulisha mtoto kama somo la siku moja. Kila zamu kabla hatujapokea wagonjwa, mdoli uko kwenye meza ya kupokelea mtoto, naita jina la mtu bila kumwambia kabla, mtoto ametoka halii, anza. Anakausha, anasugua, anaweka kichwa sawa, anabana barakoa usoni, wengine wanahesabu kwa sauti. Barakoa ikivuja tunasikia wote. Dakika mbili tatu imeisha, tunakwenda. Wa mwanzo wanababaika, ila ikifika katikati ya rotesheni naona mtu akiitwa mkono umeshafika kwenye ambubegi kabla sijamaliza kusema halii. Kutokwa damu baada ya kujifungua nao ni hivo hivo, kukanda kizazi hakufundishwi kwa projekta.

Kwa hiyo Mzee_wa_Labu mimi nakubaliana na wewe, hatusubiri ajisikie tayari. Ila siwezi kumsukuma kwenye mtoto halisi asiyepumua huku yeye hajawahi kushika barakoa wiki nzima. Nafanya mazoezi yawe mengi mpaka swali la utayari linakua dogo.

Mzee_wa_Labu

Mkunga, hapo nimekuelewa na ninakubali. Ningekuwa na nguvu ningesema kila wodi iwe na mdoli wake kuliko midoli kukaa imefungiwa chuoni.

IPC_Ilala

Nimepita tu, mimi ni wa kinga na udhibiti wa maambukizi (IPC). Jamani mnaongelea utayari wa mikono, na utayari wa mwili je? Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Yani mwanafunzi anayetakiwa kushika sindano muhula wa pili alitakiwa aanze kuchanjwa siku anayoripoti chuo. Nakutana na wanafunzi wako fildi wanachoma sindano hawajaanza hata dozi ya kwanza.

Na kabla hajagusa kanula ya kwanza ajue nini cha kufanya akijichoma. Asirudishe kifuniko kwenye sindano, sefti boksi (boksi la kutupia sindano) iwe mkono unapofika sio mwisho wa korido, akijichoma aoshe kwa maji na sabuni asikamue, aseme saa hiyo hiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 72. Wanafunzi wanaficha kwa sababu wanaogopa kugombezwa, masaa yanakwenda. Mimi mwanafunzi ambaye hawezi kunijibu ukijichoma sasa hivi unamwambia nani na yuko chumba gani, huyo kwangu hayuko tayari hata kama anaweka kanula gizani.

MkufunziTabata

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nimeongea na wenzangu wawili wa idara leo mchana na tumekubaliana tuanze na vichache visivyohitaji ruhusa ya mtu mkubwa. Orodha ya makundi na wodi tutaipata kabla, na siku mbili za mwisho kabla ya fildi kila kundi litarudi labu kwa stadi za wodi linayokwenda tu. Hatua ya kumfanyisha mwalimu kazi tunaiingiza, na kwa sababu wanafunzi ni wengi tutawafanya wawili wawili, mmoja anaongea mwingine anafanya, mimi nazunguka. Logbuku ya chuo hatuwezi kubadilisha mwaka huu ila tutabandika karatasi ndani yenye zile safu nne. Chanjo nimeshangaa, kesho naanza kuuliza nani amechanjwa.

Bado nina swali moja kwa Sista_Medikali. Yule binti wa Kigamboni kasema ule muda wa mchana ndo mzuri. Nikiomba wanafunzi wangu waje mchana badala ya asubuhi, wodini mtatukubalia au tutakua tunawasumbua zaidi?

Sista_Medikali

Mwalimu njooni mchana, kwa moyo mmoja. Asubuhi waje wachache wajifunze kupokezana zamu na ripoti maana hiyo nayo ni stadi, wakae kimya waandike. Lakini stadi za mikono leteni kuanzia saa saba hivi. Dawa za mchana zinakua zimeshaanza kwenda, raundi imeisha, na kanula za kubadilisha tunakua tunazijua zote. Wakibaki mpaka jioni wanakutana na wagonjwa wapya kutoka mapokezi, hao ndo wenye mishipa haijaguswa.

Ila naomba kitu na mimi. Ukiwaleta, niandikie jina la kila mmoja na pembeni umefika nae wapi, ameona, amesema, au ameshafanya. Nikiletewa watu sita naambiwa tu ni wa mwaka wa pili mimi siwezi kujua nani nimkabidhi trei, na yule asiyeogopa ndo atakayekua wa kwanza kunyoosha mkono.

nesi_mtarajiwa_kgb

Sista samahani, na mwanafunzi akija mwenyewe nje ya ratiba anaruhusiwa? Mfano Jumamosi.

Sista_Medikali

Mwanangu omba barua chuoni kwenu, vaa sare na kitambulisho, fika umuone inchaji kwanza. Jumamosi wodi ina watu wachache na nesi anakua na muda na wewe. Anza na presha za wodi nzima, ukimaliza njoo tuongee kuhusu kanula.